Maji ya Kilema kwa Samaki Watatu

Dada Tabitha mpendwa,

Pokea shikamoo yangu kama umenizidi umri, na kama tunalingana basi nisamehe, maana nimekuja kwako mbio nikitafuta msaada kabla mama mkwe wangu hajapanda gari kurudi kwao Kilema, huko mlimani.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Majengo hapa Moshi na mume wangu Tito, na tangu Aprili tunaishi na mama yake, Mama Salvina, ambaye ana presha ya macho na anakwenda kliniki kila baada ya wiki mbili, na daktari alituambia waziwazi kwamba akiacha matone na vipimo ataamka siku moja haoni hata mwanga wa dirisha.

Jambo lenyewe ni samaki, na naomba usicheke. Mwaka jana nilipeleka mapazia ofisini kwa mteja nikakuta tangi la kioo, ndani yake samaki wembamba kama kidole cha mtoto, wa kahawia wenye mistari ya njano, wana vindevu mdomoni, wanajichimbia mchangani halafu wanachungulia, nikasimama pale mpaka mteja akaniuliza kama mapazia yamepungua. Wanaitwa lochi. Niliwatafuta Moshi nzima, nikaulizia mpaka Arusha, wote wanao wale wekundu wa kawaida tu, mwisho muuzaji wa Dar akanitumia wanane kwa basi ndani ya mfuko uliojazwa hewa, nikaenda stendi kuwapokea nimevaa kitenge kizuri kabisa, nikawaweka kwenye tangi langu juu ya kokoto safi alizobakiza fundi aliyetujengea ukuta. Tito aliniuliza kama minyoo ya shambani kwao imeisha.

Mama alipokuja akawaona. "Yesu na Maria! Violet, mwanangu, mmeweka nyoka ndani?" Wazee wengi wa kule mlimani hawakukua wakila samaki, sembuse kulala nao nyumba moja, na siku tatu nzima alikula mtori wake amelipa tangi mgongo. Siku ya nne akavuta kigoda. Kwa kuwa haoni vizuri anasogea mpaka pua inagusa kioo, na Dada Tabitha, nilimsikia kwa masikio yangu akiwasalimia kwa Kichagga na kuwauliza kama wamelala salama. Akawapa majina ya majirani zake wa Kilema. Yule anayejificha kila saa ni Monica, "kama mwenyewe akiona wageni wanapanda njia." Anasema akiwaangalia macho yanapumzika.

Basi Juni wakaanza kufa. Mmoja, halafu mwingine. Tito akasema nashinda kwenye cherehani nasahau viumbe vya Mungu. Mama akasema jambo lililonichoma zaidi: "Tangu nije mimi ndiyo wanakufa. Nimewaletea mkosi."

Sasa sikiliza. Kuna mpwa wake anaitwa Basili, huleta ndizi sokoni Jumanne na Ijumaa asubuhi, na kila akipita kwetu humwachia mama dumu la lita tano limefungwa kanga. Nilijua ni mbege, maana daktari amemkataza pombe. Ijumaa moja nikajibanza nyuma ya pazia nimfumanie. Mama akafungua dumu, akalimimina lote kwenye tangi, polepole, huku ananong'ona, "Kunyweni, haya ni ya kwetu, ya kwenye chemchemi, siyo ya bomba yenye dawa." Alipotoka nikachovya kidole, maji yamepoa mpaka mfupa unauma. Kesho yake mmoja alikuwa amelala ubavu.

Hiyo ni wiki tatu zilizopita, na sijamwambia mtu. Siku ile walikuwa watano, leo wako watatu. Nikimwambia, atajua yeye ndiye aliyewaua, na huyu ni mtu ambaye akikanyaga kifaranga anakwenda kuungama kwa padri, ataondoka kwa aibu na kliniki itakuwa imekwisha. Nisipomwambia, hawa watatu nao watakufa, na ataondoka kwa sababu ya mkosi. Ameshafunga begi. Amesema Jumapili ya mwisho wa mwezi akitoka misa anapanda zake Kilema, na Tito amembembeleza ameshindwa. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tano, huyu ndiye aliyekaa kitandani kwangu nilipojifungua, nampenda, naandika hapa huku machozi yanalowesha karatasi. Nimwambie au nimwache?

Violet, Majengo, Moshi

*

Violet mdogo wangu,

Marahaba, nimekuzidi, na kwa sababu nimekuzidi kaa chini nikugombeze kwanza.

Wiki tatu! Umesimama nyuma ya pazia kama mpelelezi, umeona kila kitu, halafu ukafunga mdomo wiki tatu. Samaki wawili wamekufa ukiwa unajua. Mumeo anakusema kwa kosa lisilo lako na wewe kimya, na mama wa watu anaamini ana mkosi wakati dawa ya neno hilo unayo mfukoni. Najua unaita huo upole. Mimi naona ni woga, umevaa kitenge kizuri kama siku ile ya stendi.

Haya, futa machozi, maana nina habari njema. Mimi nimefuga lochi miaka tisa hapa Soweto, Moshi hii hii, na niliua wa kutosha kabla sijajifunza. Maji ya mama hayana kosa. Samaki hawa asili yao ni vijito vya nchi za joto, wanapenda maji laini, na maji ya chemchemi za kule juu mara nyingi ni laini hivyo hivyo. Mama amewachagulia vizuri bila kujua. Shida ni kwamba yanakuja na baridi ya mlima, tena Julai hii, lita tano kwa mpigo, kwa kiumbe asiyetakiwa kukaa kwenye maji chini ya nyuzi ishirini na nne. Hata wewe ukimwagiwa hivyo ukiwa kitandani utaugua.

Na usijitoe haraka, na wewe una lako. Nani alikwambia uweke kokoto za fundi ukuta? Ulimwona lochi kwa mteja akijichimbia mchangani, ukaja kumlaza juu ya mawe yenye makali. Vile vindevu ndivyo anavyotafutia chakula. Vikikatika hawezi kula, anapata vidonda, anakufa. Kwa hiyo kati ya hao watano waliokufa mimi siwezi kukuambia yupi ni wa mama na yupi ni wako. Hilo ndilo litakaloufungua mdomo wako.

Mwambie leo, usingoje Jumapili. Usimwambie ukiwa umesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni. Vuta kigoda cha pili, kaa karibu yake mbele ya kioo. Huhitaji kubeba jani la isale la kuombea msamaha, hakuna ugomvi hapa. Sema hivi: "Mama, maji yako wanayapenda ila yana baridi. Na mimi nimewawekea mawe yanayowakata midomo. Tumekosea wote wawili, naomba unisaidie hawa waliobaki." Akilia, mwache alie, na wewe lia naye. Kama anataka kuungama, nenda naye, una lako la kuungama. Kisha mwambie Tito, tena mbele ya mama, akuombe radhi kwa yale maneno ya cherehani.

Halafu fanyeni kazi. Kokoto zote toa, weka mchanga laini, uoshe mara nyingi kwa maji matupu; sabuni usiisogeze kabisa. Nunua kipimajoto na kile kifaa kidogo cha kupasha maji ya tangi. Weka chungu kilichopasuka, kingo zake uzisugue zisikate, na vipande viwili vya mwanzi, ili Monica awe na pa kukimbilia wageni. Chakula kiwe cha kuzama, wapewe jioni, kwa sababu mchana wao wanalala. Na usiyemwona usimlilie kabla hujafunua chungu.

Basili akileta dumu lisimiminwe. Likae karibu na tangi mpaka kesho yake. Mama achovye mkono mmoja kwenye dumu na mwingine kwenye tangi, na yakilingana, wewe punguza maji ya tangi vikombe vitatu, yeye arudishe vikombe vitatu vya kwao. Kazi hiyo ni ya mama, usimnyang'anye. Na saa ya kuwalisha jioni iwe ndiyo saa yake ya matone ya macho, wote wapate dawa yao pamoja. Mkimaliza mwezi salama, mpigie muuzaji wa Dar akuongeze watano, maana lochi watatu ni wapweke. Mwulize kwanza kama vindevu vyao viko kamili. Mfuko ukifika uelee kwanza ndani ya tangi nusu saa kabla hujaufungua. Majina atayatoa mwenye majina yake.

Sasa lile lililonikaa moyoni nikisoma barua yako. Kurasa nne, Violet, umeniandikia habari za maji ya samaki. Mwanamke ametoka nyumbani kwake tangu Aprili, macho yanafifia, anaagiza maji ya kwao mara mbili kwa wiki, na yote anawapa samaki waliobeba majina ya majirani zake, anawaambia kunyweni, ya kwetu haya. Yeye mwenyewe anakunywa yapi, hukuniambia, na nadhani hujawahi kuuliza.

Jumanne Basili akifika, kabla dumu halijawekwa karibu na tangi, chukua kikombe kizuri cha kabatini. Kikombe cha kwanza mpe mama.