Kamba ya Kichwani

Oban, Jumamosi

Kaka Fergus,

Huku mvua haijakatika. Paka wa Mama amehamia kwa jirani, anakopewa samaki.

Kitabu chako kilifika. Nilimsomea Mama kule nyumba ya wazee, ule ukurasa unaosema kwamba kati ya mapema na kuchelewa upo mpaka kamili, ila hakuna binadamu awezaye kuujua. Alicheka mpaka akapaliwa. "Mwanangu huyo," akasema, "chuo kizima kinamlipa kwa kutojua." Kisha akauliza, "Anakuja lini?"

Nikampa jibu lako la kwenye simu: hivi karibuni. Ulilisema Machi, ukalirudia Juni, na Septemba ukaniuliza kwa ule upole wako wa kisomi, "Kwani mdogo wangu, siku moja zaidi itaharibu nini?"

Mpaka wako sasa naujua. Ni Jumanne ya wiki iliyopita, saa kumi na dakika kumi alasiri. Muuguzi aliuandika kwenye fomu, nami nikatia sahihi.

Tulimzika jana. Usihangaike na treni. Ile kamba ya kwanza ya kuteremshia jeneza, ya upande wa kichwani, ambayo kwetu hushikwa na mtoto wa kiume mkubwa, nilimpa Hamish, fundi wa mabomba. Yeye huwa anasema saa tatu na anafika saa tatu.

Utauliza mbona sikukupigia simu. Nilikuwa nikupigie, kaka, hivi karibuni.

Mdogo wako,
Eilidh