Kwa Nini Sikuhama Riruta

Nekesa mjukuu wangu, sasa daktari bingwa wa watoto,

Huku Kawangware tuko salama, na mamako amepona kikohozi. Umeniuliza mbona sikuhama ile kliniki ya Riruta nilipokuwa nesi mpya, na hospitali kubwa ilikuwa imeniita.

Siku niliyoenda kuaga, nilikuta mwanamke anajifungua, mtoto ametanguliza miguu. Sista Rehema, mkubwa wetu, akaniambia, "Mzalishe wewe, mimi nakusimamia." Nikafuata maelekezo yake hatua kwa hatua, na mtoto akalia. Nikabaki, maana nilitaka kujua kesho yake Sista atanifundisha nini.

Sasa hospitali mbili zinakuita. Madaktari vijana waliokutangulia huko wamekaa, ama waliondoka? Waulize kama huko kuna mkubwa anayewafundisha, kisha unipigie. Hata mimi nataka kusikia.

Nyanyako anayekuwaza,
Selina