Mke wa Shujaa Aliyeketi Getini

Papa Solange wangu,

Nimetoka misa ya asubuhi, padri amekutaja katika maombi, sasa nimekaa kwenye benchi la nyuma la chumba chako cha video. Nimefunga mlango ili nizungumze nawe.

Kamembe bado inakulilia. Vijana wa moto, wale wa pikipiki, wakinipita wanapiga ngumi kwenye paji la uso, ile salamu ya mashujaa wako wa nyota ya mbali, wale wenye mifupa mashavuni. Nami ninaitikia. Ningefanya nini? Filimu zile zinakuja kwa lugha isiyosikiwa na yeyote hapa, na wewe ndiwe uliyekuwa ukishika mikro ukiwasemea mashujaa hao kwa lugha yetu. Sheria zao zote walizipata kinywani mwako. Shujaa haombi maji mara mbili. Shujaa haogopi kufa, anaogopa kufa bila shahidi. Hata wamama wa sokoni wanazitumia wakigombana.

Na ile nyingine, mume wangu. Mke wa shujaa haachi geti la mume wake.

Binti yetu Solange amejifungua msichana. Yeye na mume wake wanapishana zamu kwenye kiwanda cha saruji kule Muganza, mtoto hana mikono ya kumshika. Ananipigia simu analia niende: "Maman, kuya basi." Roho yangu iko kule. Lakini nikigusa sanduku tu, mdogo wako Anselme anasimama mlangoni: "Kaka alisema nini juu ya geti? Maman Solange, utamupatisha haya mpaka mu kaburi?" Na wateja nyuma yake wanatikisa vichwa. Hawanichukii. Wananiletea maharage, wananiita Mama wa Geti. Ndiyo maana siwezi kupita. Adui ningemsukuma.

Unakumbuka siku ile jikoni, tunamenya mihogo, nikakuuliza kwa nini yule mwanamke wa filimu anakaa getini? Ulicheka mpaka kisu kikaanguka. "Mie sijue banasema nini, maman. Nilimuona anaikala tu, nikamupatia sababu."

Ulimpatia sababu. Nami nimefungwa nayo.

Siku ya kumaliza kilio walitaka tuonyeshe sehemu ile ile ya geti, kwa heshima yako. Chumba kilijaa mpaka dirishani. Anselme akanipa mikro mwenyewe. Nikamwomba Bikira Maria anishike ulimi, halafu mwanamke akatokea na mavazi yake ya chuma, akaketi, na mimi nikamsemea: "Nimeketi kwa sababu nimechoka. Nikipumzika, nitaenda kwa binti yangu."

Walicheka kwanza. Mzee mmoja wa Gashonga, yule anayeleta ndizi sokoni, akauliza: "Sasa mbona haende?"

Nilimtazama yule mwanamke kwenye televisheni, Papa Solange. Nilikuwa nimemwekea maneno mazuri, lakini hakusimama. Alikaa palepale, kama ulivyomwacha, mpaka majina yakaanza kupanda. Anselme akachukua mikro, akawarudishia sheria yako neno kwa neno, wakampigia makofi. Wakakulilia upya.

Nimesali juu ya jambo hili wiki nzima. Kukaa kimya ni kukutunza, najua. Walikupenda kwa sababu waliamini unasikia lugha ya watu wale. Nikisema ukweli, watakucheka, na wewe huwezi kujitetea. Nalia nikiwaza hivyo. Lakini mtoto wa Solange naye analia, na yeye yuko hai.

Basi nisikilize. Kesho Anselme akija kufungua chumba, nitamwambia ulichoniambia jikoni. Nitasema polepole, na nitasema pia jinsi ulivyocheka, ili wakupende kwa hilo. Halafu nitaomba kijana wa moto anipeleke mpaka Muganza. Mtoto nitamfundisha jina lako kabla ya sala yoyote.

Nisamehe. Wewe umeshapumzika kwa Bwana, mume wangu. Acha nami nitoke.

Mke wako,
Maman Solange