Wajina Wako Amekataa Kula

Mama yangu mpendwa,

Hamjambo huko Wusi? Goti limepata nafuu, au bado unaliburuta mpaka sokoni kwa ule ubishi wako? Sisi huku Nagoya tuna afya, ila moyo wangu haujatulia. Nazunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu huwa hunipi nafasi.

Ni habari ya Wakio, wajina wako. Ile picha yake ya sare ya shule niliyokutumia, ulinijibu kwa ujumbe wa sauti: "Eeeh, mjukuu wangu amenona! Mungu asifiwe, huko kuna chakula!" Nilicheka, nikamtafsiria mume wangu kwa Kijapani. Wakio alikuwa pale, akasikia. Tangu siku hiyo chakula ninachomfungia cha shuleni kinarudi vile vile, kasoro vipande vya tango.

Sikulaumu, Mama. Kwetu hiyo ni baraka. Huku wasichana wa rika lake wanatazamana miguu kwenye vioo vya maduka, na aliye mwembamba kuliko wote bado anajiita mnene. Anayezidi wenzake hata kiuno tu, anajiona amewakosea. Mimi mwenyewe nilipofika, jirani aliniambia kwa furaha, "Umekonda!" Nilirudi ndani nikalia, nikidhani ameniona mgonjwa. Kumbe ananisifu.

Jana uvumilivu uliniisha. "Utakula ama hutakula?" nikamfokea.

Akaniuliza, "Mama, nyanya akinikuta nimekonda atafurahi?"

"Atafurahi wapi! Atauliza unaumwa nini, halafu achinje kuku."

Akaisukuma sahani. "Sasa nitakuwa sawa kwa nani?"

Ninaogopa, Mama. Nasimama nje ya mlango wake nikisikiliza kama anatafuna.

Tunakuja Agosti, shule zikifungwa. Nisalimie ndugu yangu Mwakio na mkewe, na mama mkubwa wa kule Mahoo, umwambie viatu vyake nimevipata. Majirani watakaokuja kumwona mgeni, nakuachia wewe uwanyamazishe, hiyo kazi unaiweza.

Wakio akishuka pale Voi, najua mikono yako itataka kumgeuza huku na huku umtazame vizuri. Izuie, Mama. Mkumbatie tu, umwulize kama alilala njiani.

Ni mimi mwanao,
Mghoi