Tawi Lililoitwa Jikoni

Olympic, Kibera
19 Julai 2025

Kwako kaka Nyamai,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini zinakukuta mzima, wewe na Wayua na watoto. Mama aliniambia mvua ya huko Kitui ilikatika mapema, na kwamba mbaazi tu ndizo zilizosimama shambani. Mgongo wake je, bado unamsumbua akiinama? Mimi afya ninayo, na kazi bado ninayo, ingawa ukimaliza kusoma utajiuliza ninayo kwa nini.

Simu ipo, najua. Nimekupigia mara nne mwezi huu, na kila nikisikia sauti yako naishia kuuliza habari za ng'ombe. Kwa hiyo nimeandika barua hii, na Muia, anayekuja huko Jumatatu, ameahidi kukupa mkononi. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Ni habari ya Benard. Usiikunje kwanza.

Unajua alivyo kwetu. Miaka sita mliishi naye chumba kimoja pale Kongo, Kawangware, na nilipomaliza chuo ni yeye aliyemwambia bosi wake, Kinyanjui, kwamba wewe una dada anayeweza kuandika programu. Ofisini tukawa watatu chini ya Kinyanjui: Benard, mimi, na msichana anayeitwa Nereah. Kazi yetu kubwa ni programu ya zahanati ndogo za Kibera na Kawangware. Mtoto akizaliwa, zahanati inaandika tarehe, na programu inamtumia mama ujumbe kwa simu siku ya chanjo ikikaribia.

Mwanzoni tulikuwa tunapitishiana mafaili kwa flashi. Kulikuwa na faili linaloitwa "mwisho", lingine "mwisho kabisa", na lingine "mwisho tumia hii", na hakuna aliyejua lipi ni lipi. Januari nililaza faili langu la zamani juu ya kazi ya Nereah ya wiki mbili, ikapotea yote. Nereah alilia. Kinyanjui akasema sasa basi, akanipa mimi kazi ya kusimamisha seva ya kutunza mafaili.

Seva hiyo, kaka, ni kompyuta kuukuu tu tuliyoiweka chini ya rafu, tukaifunika kitambaa kwa sababu ofisi iko juu ya posho mill na unga unapanda hadi kwetu. Lakini ndani yake kuna kumbukumbu isiyosahau. Kila mtu ana ufunguo wake wa siri, na kila unachobadilisha kinaandikwa: nani, siku gani, saa ngapi, mstari upi, na mstari huo ulikuwaje kabla. Ukitaka kujaribu jambo bila kuvuruga kazi ya wenzako, unafungua tawi lako pembeni, na likiiva unaliunganisha na shina. Ufunguo mkuu, unaofungua ya kila mtu, niliushika mimi peke yangu.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kabla ya seva sikuwa najua Benard anafanya kazi saa ngapi, na sikuwa na haja ya kujua. Sasa nilijua. Nikaona kwamba Jumamosi mchana, ofisi ikiwa imefungwa, anaingia kwenye mafaili. Nikaona amefungua tawi ambalo hakumwambia mtu, na amelipa jina Jikoni. Jumatatu moja nilimwuliza kama mzaha alishindaje wikendi. Akanijibu kwamba alikuwa anafua nguo. Na seva inasema alikuwa Jikoni kuanzia saa nane na dakika arobaini hadi saa kumi na moja. Nikajiambia kwamba mashine haina sababu ya kudanganya, mtu ndiye mwenye sababu.

Tangu siku hiyo, Nyamai, kila alichofanya kilinuka. Nikipita nyuma ya kiti chake, aligeuza skrini. Akipigiwa simu, alitoka nje kwenye ngazi. Niliitengeneza seva initumie ujumbe kila anapogusa kitu, hata nikawa niko kanisani, katikati ya maombi, simu inatetemeka kwenye mkoba na mimi nafungua jicho moja kusoma: Benard, Jikoni.

Mwezi wa nne nilienda soko la Toi kutafuta viatu. Nikamwona ameketi kwenye benchi la muuza chai na mwanamume nisiyemjua, mwenye kitambulisho cha kazi shingoni. Kompyuta ya ofisi ilikuwa wazi magotini mwa Benard, na yule mtu anaonyesha skrini kwa kidole. Nilijificha nyuma ya mapazia ya mitumba yaliyotundikwa. Yule mtu akampa karatasi, Benard akaikunja akaitia mfukoni. Nikakumbuka kuna kampuni fulani iliyowahi kuitaka programu yetu na Kinyanjui akakataa. Sikuhitaji zaidi. Kichwani mwangu Benard alikuwa tayari ameshatuuza.

Nitakuambia ambacho sikukifanya. Sikufungua lile tawi nikasoma. Ufunguo nilikuwa nao, na ingenichukua dakika kumi. Nilitazama saa na tarehe, nikahesabu mara alizoingia. Nadhani niliogopa nikisoma nitakosa nilichokuwa nimekwisha amua.

Tarehe tano mwezi wa tano nilimpelekea Kinyanjui kurasa nne za saa na tarehe, na habari ya Toi. Akatuita sote. Benard alizipitia zile kurasa pole pole, kisha akanigeukia mimi, si Kinyanjui, akaniuliza kama nimesoma kilichomo ndani. Nikamwambia nimeona ya kutosha. Akasema, "Sawa. Kama umeona ya kutosha, mimi sina la kuongeza." Akaweka kompyuta ya ofisi mezani, akachukua jaketi lake, akateremka ngazi. Nilifikiri ni kiburi cha mwizi aliyeshikwa. Jioni nikakupigia. Ukaniambia kwamba hutashika simu yake tena maishani. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba umeniamini.

Katikati ya mwezi wa sita, nikiwa peke yangu ofisini, akaja mtu anamuulizia Benard. Alikuwa yule mwanamume wa Toi. Anaitwa Alvin, na ndiye anayetunza rekodi za zahanati moja pale Kisumu Ndogo. Alisema kuna mama anayeitwa Audrey, anauza omena karibu na reli, mtoto wake amelazwa kwa kifaduro. Mtoto ana wiki kumi na moja na hajapata hata ile chanjo ya wiki ya sita, kwa sababu mama aliambiwa asubiri ujumbe, na ujumbe haukuja. Amezaliwa tarehe thelathini na moja Machi. Alvin akasema alikuwa amegundua tangu Aprili kwamba watoto wa tarehe thelathini na moja programu inawaruka, na orodha yao alimpa Benard siku waliyokutana Toi, naye Benard akamwambia anakaribia kumaliza. Sasa, akauliza, kazi ile aliachiwa nani?

Sehemu ya tarehe niliiandika mimi.

Alipoondoka nikafungua Jikoni. Ndani yake kulikuwa na marekebisho kumi na manne, kaka, na yote yalikuwa ya makosa yangu. Mengi alikuwa ameshayaunganisha na shina kimya kimya, na mimi nikidhani programu yangu inaenda vizuri kwa sababu mimi ni hodari. Kila rekebisho lilikuwa na maelezo mafupi. Moja lilisema, "Kasyoka alisahau Februari. Nimeweka sawa." Lingine, "Hii nitamwonyesha taratibu, sasa ako na kazi nyingi." La mwisho lilikuwa la Jumamosi tarehe tatu Mei: "Tarehe 31 imekubali. Nitaijaribu Jumatatu, kisha niunganishe." Jumatatu hiyo ndiyo niliyopeleka zile kurasa nne. Ujumbe wa Audrey ulikuwa utoke wiki moja baadaye.

Sasa sikia jambo ambalo hata Mama hajui. Ningependa kukuandikia kwamba nilikimbia kwa Kinyanjui kumwambia ukweli. Sikukimbia. Nilichukua rekebisho lile la tarehe nikaliingiza kwenye shina kwa jina langu. Kisha kwa ufunguo mkuu nikalikata tawi la Jikoni kwenye seva, na maelezo yake yote. Haikuchukua hata nusu saa. Kinyanjui alinisifu mbele ya watu wa zahanati, akanifanya msimamizi wa programu. Nikazipokea sifa. Na wewe uliponiuliza kwenye simu kama uharibifu wa Benard umerekebishwa, nilikujibu kwamba nimeurekebisha mwenyewe.

Amani sikuipata. Jumanne ya kwanza ya mwezi huu nilipita nyuma ya Nereah, na kwenye skrini yake kulikuwa na orodha ya matawi, na katikati ya orodha, Jikoni. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kwamba kwa mpango huu kila kompyuta hubeba nakala ya historia nzima, na ukikata kwenye seva hujakata kwa wenzako. Kwa woga wangu sikulikumbuka hilo.

Basi nikaanza kumshuku Nereah. Kwa nini ameniletea chai leo? Kwa nini ameuliza kama Benard bado anaishi Kongo? Akicheka na Kinyanjui, nilihesabu wamecheka kwa muda gani. Siku tisa zikapita hivyo. Siku ya kumi nikasimama mbele yao wote wawili nikasema kila kitu, nikamwomba Nereah asiendelee kunitesa. Nereah akanitazama kama mgonjwa. "Jikoni gani? Mimi hiyo kitu sijawahi fungua," akasema. Ilibaki kwake kwa sababu huwa hafuti vitu vya zamani kwenye kompyuta yake, basi.

Kinyanjui hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alimwambia Nereah arudishe tawi kutoka kwenye mashine yake, na lile rekebisho lirudi kwa jina la mwenyewe. Ufunguo mkuu anao Nereah. Mimi nimeachwa kazini hadi mwisho wa Septemba, halafu Kinyanjui ataamua.

Alinichukua tukaenda kwa Benard. Anatengeneza simu kwenye kibanda pale Kongo, si mbali na chumba chenu cha zamani. Alinisikiliza hadi mwisho na bisibisi mkononi. Kisha akasema, "Mimi nilikufunikia aibu, Kasyoka. Wewe ukanifunika nayo."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia makosa yangu usoni. Akajibu kwamba siku unahama kurudi Kitui ulimshika mkono ukamwambia, "Niangalizie huyu msichana," na yeye alidhani kuangalia ndiko huko. Kinyanjui akamwambia hapo alikosea pia, kwamba kosa linalogusa watoto halifichwi kwa ajili ya mtu yeyote. Benard akakubali. Hata jina la Jikoni alitueleza: chakula hakipelekwi mezani kikiwa kibichi. Amesema Alvin akikwama atamsaidia, lakini kuketi chumba kimoja nami hawezi kwa sasa.

Kwa Audrey nilienda pia. Mtoto ameruhusiwa kutoka hospitalini, ingawa kikohozi hakijamwachia. Nilimwambia ni mimi. Hakunifukuza. Alimpa mama yake mzazi yule mtoto, akaingia ndani, akafunga mlango.

Tulipokuwa tunaondoka kibandani, Benard aliniuliza jambo moja tu kukuhusu. Aliuliza kama ulibadilisha namba, maana tangu Mei akipiga haishikwi. Nikamwambia namba ni ileile. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye simu aliyokuwa anafungua, hakuuliza tena.

Kaka, mimi unaweza kunikasirikia kadiri utakavyo, nitapokea. Ila yeye mpigie.

Nisalimie Mama, na umwambie Agosti nitakuja nimweleze mwenyewe. Msalimie Wayua, uwapakate watoto kwa niaba yangu. Mungu awatunze nyote.

Ni mimi dada yako,
Yvonne Kasyoka