Mtoto wa Jicho

Jumatatu, 3 Februari
Zamu ya asubuhi. Nimewavisha wazee wanane soksi za kubana kumi na sita. Vidole vinauma. Nikakimbia mtaa wa Husby kumchukua Rehema, tukafika hospitali dakika mbili kabla ya miadi. Mdogo wangu ana miaka thelathini na moja, anatembea kwa kupanua miguu, ulimi mzito. Kwenye treni wanadhani amelewa. Leo mama mmoja alihama kiti. Nilimkodolea macho mpaka akashuka.

Daktari mpya, mwanamke. Yule wa zamani, wa "ni msongo wa mawazo tu", amestaafu. Huyu alifungua picha za ubongo. Kisogoni, kwenye ubongo mdogo, madoa mawili meupe kama maharage, moja kila upande. Akamvua Rehema soksi, akabonyeza vinundu nyuma ya visigino. Aliharisha sana utotoni? Sana. Na macho? Nikasema alipasuliwa mtoto wa jicho Mwanza, akiwa na miaka kumi na miwili. Kwa Kiswidi changu cha sasa, kilichonyooka. Akaacha kuandika. Akasoma faili la miaka sita iliyopita: mgonjwa ana mtoto mwenye matatizo ya macho.

Rehema hana mtoto. Hajawahi kuzaa.

Jumanne, 4 Februari
Nimeelewa nikiwa namlisha mzee uji. Mkalimani! Tulisema mtoto wa jicho, yeye akampelekea daktari mtoto mzima, mwenye mikono na miguu. Nilicheka kwa sauti, mzee akashtuka. Halafu nikataka kuvunja sahani.

Namjua. Bwana Melkiori, Mrundi, Kiswahili chake amekiokota kambini Kigoma. Ndiye aliyekuwa kwenye simu karibu kila miadi. Sauti yake ya taratibu, ya kanisani. Nimeagiza faili lote kwa maandishi, liambatane na malalamiko. Nataka jina lake liwe pale, kwa wino.

Alhamisi, 13 Februari
Damu imethibitisha. Ugonjwa wa kurithi, adimu. Ini linashindwa kugeuza mafuta fulani kuwa nyongo, mafuta yanajibandika kwenye macho, kano za visigino, ubongo. Dawa ipo. Vidonge tu! Vinazuia usiendelee. Kilichokwisha kuharibika huenda kisirudi. Daktari alisema mtoto wa jicho kwa msichana mdogo, pamoja na kuharisha, ndiyo alama ambayo ingewashtua mapema.

Miaka sita. Rehema alipokuja hapa alikuwa bado anakimbilia basi. Alisuka nywele za nusu ya Husby.

Namchukia yule mtu. Naandika wazi. Namchukia.

Sijamwambia Rehema ninachopanga. Atanizuia.

Jumamosi, 15 Februari
Nimefanya. Mkutano wa Waswahili, ukumbi umejaa, Watanzania, Wakenya, Wakongo, watoto wakikimbizana kwa Kiswidi. Melkiori alikuwa anagawa chai. Nikasimama.

"Bwana Melkiori, tusaidie. Mtoto wa jicho kwa Kiswidi ni nini?"

"Grå starr," akajibu, akiendelea kugawa chai. "Kwani nani anaumwa, Mama Neema?"

Anajua! Nilizidi kuwaka. Nikayamwaga yote mbele ya watu: dada yangu, daktari, mtoto wa kubuni, miguu iliyoharibika. Melkiori akanigeukia.

"Ya kwenye ukalimani siwezi kuyasema, mama. Hata kusema kama nilikuwepo au sikuwepo. Niliapa."

Akaweka birika chini, akavaa koti, akatoka. Mwenyekiti akasema watatafuta mtu mwingine wa kusaidia wazee wetu hospitali. Watu walipiga makofi. Si wote.

Jumapili, 16 Februari
Moyo umepoa. Nimekula sahani mbili za pilau. Dawa ya moto ni moto. Neema, binti yangu, aliniuliza kwa Kiswidi kama yule mzee alilia. Nikamwambia aoshe vyombo.

Ijumaa, 21 Februari
Bahasha imefika. Kurasa arobaini na moja. Nilikaa jikoni na kalamu nyekundu nikitafuta jina lake.

Ukurasa wa tisa. Mkalimani wa simu hakupatikana. Dada wa mgonjwa anatafsiri.

Dada wa mgonjwa.

Nimesoma mara nne. Halafu nikakumbuka. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu wa darasa la Kiswidi. Nilisema tusisubiri, nitaweza. Nilisema *barn i ögat*. Mtoto ndani ya jicho. Neno kwa neno, kichwa juu. Daktari alikunja uso, kisha akaandika kitu. Nikadhani nimefaulu.

Mkuki kwa nguruwe.

Jumamosi, 22 Februari
Nimekwenda Jordbro, kwa Melkiori. Mke wake alifungua, hakunikaribisha. Nikasema niliyokuja kusema nikiwa nimesimama kwenye mkeka wa viatu. Melkiori alikuja mlangoni, akasikiliza. Akasema, "Uyaseme na kule ukumbini." Nitayasema. Nimeshampigia mwenyekiti. Naogopa.

Jumapili, 23 Februari
Theluji imekuwa maji. Rehema alitaka kutoka, nikapiga magoti kumfunga kamba za viatu. Nikamwambia hapo hapo, bila kuinua kichwa. Kwamba ni mimi. Kwamba neno lilikuwa langu.

Maneno yake siku hizi yanachukua muda.

"Najua ni wewe uliyeongea, dada. Nilikuwepo." Akapumua. "Tulipotoka ulininunulia keki. Ulisema daktari ameelewa kila kitu."

Nikamfunga kiatu cha pili. Akanishika bega ili asimame.