Joto la Chumba cha Juu

Jumapili, 20 Januari 2008

Zulekha ametoka hospitali na mtoto wake. Wa kike, mdogo mno, amekuja zaidi ya mwezi kabla ya wakati – na tiketi ya kwenda kujifungulia kwao Tanga ilishakatwa! Nesi amesema neno moja tu, Chacha, mwanafunzi mwenzetu wa nyumbani, akatutafsiria: apate joto. Akipoa, hatunaye.

Nimewaleta kwangu, maana Zulekha alikuwa analala gesti na wafanyabiashara wenzie. Tatizo hiki chumba changu kiko juu kabisa, kwenye paa, na Wachina wa huku kusini hawaweki joto ndani ya nyumba. Wanakula na makoti mwilini. Mimi mtu wa Njombe, baridi tumekua nayo, lakini hii ya Guangzhou imelowa. Inakaa kwenye shuka.

Baba mtoto amepiga simu. Nikamwekea mtoto simu sikioni, akaadhiniwa kutoka Tanga. Zulekha kalia. Na mimi Mkatoliki nimelia.

Jumanne, 22 Januari

Nimenunua hita ya umeme. Nikiwasha tu, umeme wa jengo zima unakatika. Mama Liang mwenye nyumba kapanda na ndara zake, kafoka, kachomoa waya. Halafu akamwona mtoto. Akaenda dirishani, akalifunga mwenyewe na kusukumia tambara kwenye mwanya.

Chacha anasema na kwa Wachina mzazi hatoki nje mwezi mzima, wala hapigwi na upepo. Basi kama sisi. Zulekha yumo kwenye arobaini yake, namkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni kama wafanyavyo kwao. Leo nimemwona mama Liang ni mtu.

Ijumaa, 25 Januari

Chacha ni kijana wa Tarime, anasomea mitambo chuo kikuu hapa. Akiamua jambo hatulii. Ametutengenezea boila! Pipa la mafuta kalilaza juu ya matofali pale kwenye kibaraza, ngazi chache chini ya chumba. Moto wa kuni chini yake. Bomba moja linapanda na maji ya moto, linazunguka ukuta wa kitandani, jingine linarudisha yaliyopoa. Pampu hamna. "Maji ya moto yanapanda yenyewe, dada Bertila, wewe kazi yako kuni."

Kuni zenyewe ni mbao za makreti, zile wanazotupa soko la Zhanxi wakishafungua mizigo. Mwenye mkokoteni kaniuzia rundo zima kuai kumi, hela ya hapa. Jioni bomba limepata moto. Zulekha kaliwekea mgongo akacheka. Mtoto kanyonya vizuri.

Jumatatu, 28 Januari

Boila ni mtoto wa pili. Ukimwacha kidogo tu, kazima. Mbao za kreti nyepesi, zinawaka kama karatasi na kuisha. Mvua ya rasharasha haikatiki, nyingi zimelowa, zinatoa moshi tu. Misumari imenichana mkono. Zenye rangi zinanuka, nimeacha kuzichoma. Viatu vya wateja wangu wa Mbeya vimekaa dukani kwa watu, sijaenda kuvikagua wala kuvifungia bero.

Na rundo sasa ni kuai thelathini. Mwenye mkokoteni ananiambia "mei you, mei you", hakuna, halafu anatoa kwa bei yake. Maduka yanafunga kwa mwaka mpya wao. Stesheni watu wamejaa mpaka barabara ya Liuhua, treni hazitembei, theluji imeziba njia huko kaskazini. Chochote cha kuwaka au cha kukalia kinagombewa.

Ijumaa, 1 Februari

Wamelibeba pipa. Walinzi wa mtaa walikuja wanne, wakamwaga maji, wakakata mabomba kwa msumeno. Eti hatari ya moto. Eti masizi kwenye nguo za jirani. Chacha kabishana nao mpaka wakamtajia chuo chake – mwenye skolashipu atabishaje tena? Kaondoka hata hakuaga.

Mama Liang alisimama ngazini anatazama. Ni yeye aliyewaita, nani mwingine! Roho mbaya ile. Na nilikuwa nimeshaanza kumpenda.

Jumapili, 3 Februari

Jana mtoto kapoa. Miguu ya baridi, midomo imekuwa ya bluu, kilio chake kimekuwa cha paka. Nimemvua nguo nikamweka kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, Zulekha akatufunika sote mablanketi. Tumekaa hivyo mpaka rangi ikarudi. Nimesali rozari yote. Sitaki kuona tena vile nilivyoona.

Jumatatu, 4 Februari

Nimepata! Muuza tambi wa chini anafunga genge, anakwenda kwao. Kaniuzia jiko lake na makaa yale ya mawe, yenye matundu kama sega la nyuki. Bei rahisi kuliko kuni, na moja linakaa na moto saa na saa.

Mimi si mjinga, moshi najua unaua. Kwetu Njombe jiko unaliwasha nje, linatoa moshi wake wote, likishakolea jekundu ndiyo unaliingiza. Nimefanya hivyo hivyo. Moshi hata chembe. Dirisha nimelipiga selotepu ya kufungia mizigo, pande zote, kama bero la kwenda Dar. Upepo utakaopita hapo utakuwa na visa.

Joto, jamani. Joto la kweli.

Jumanne, 5 Februari

Kichwa kinanigonga tangu nilipoamka. Uchovu wa siku zote hizi, mwili sasa ndiyo unadai. Zulekha katapika supu. Nadhani yule kuku hakuwa mzima.

Mama Liang kaja. Kaona jiko, kapayuka. Kakimbilia dirishani, kabandua selotepu yangu, kafungua lote! Baridi ikaingia mpaka kitandani kwa mtoto. Juzi funga, leo fungua? Anashika kichwa, anafumba macho, analaza shingo. Eti sisi walalaji. Nimemsukuma nje. Nimesema kwa Kiswahili, kaelewa asielewe: pipa umetunyang'anya, na hili jiko unalitaka? Unataka mtoto afe?

Nimepiga selotepu upya, mara mbili mbili. Mlangoni nimetia komeo.

Jumatano, 6 Februari

Kesho mwaka mpya wao. Fataki zinalia mchana huu huu. Nimevua koti, mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Mtoto katulia sana. Tangu alfajiri hajalia, hata kuomba ziwa. Midomo ya bluu imekwisha, sasa ni myekundu, mizuri, kama kapakwa rangi. Baba yake angemwona.

Nimemwamsha Zulekha anyonyeshe. "Naja, da Bertila." Halafu kalala tena. Mwache, mzazi huyo. Nilitaka kumpikia uji wa pilipili manga, miguu mizito. Mwandiko wangu leo unakwenda mlima na bonde.

Mama Liang yuko mlangoni. Kwa ngumi sasa. Ananiita, Beti, Beti, jina zima haliwezi. Kuna na mwanaume, wanasukuma. Wamekuja kuchukua jiko, najua.

Nimetaka kusimama niwafukuze. Nimejikuta chini. Nitawaendea, ngoja kwanza kichwa kitulie. Wanapiga mlango kwa kitu cha chuma, kelele chumba kizima, na mtoto hata hashtuki